Breki ya Kushoto Iligoma, Nikatua Dar Bila Kuigusa ya Kulia

Tangu siku ile, kijiweni kila mtu kageuka rubani. "Ungetua kwenye nyasi." "Ungekanyaga iliyobaki." Ndugu zangu, iliyobaki ndiyo ya kuogopa.

Nilikuwa natoka Zanzibar na Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, shemeji yangu kiti cha kulia. Gurudumu la kushoto na la kulia kila moja lina breki yake, unaikanyaga kwa ncha ya juu ya pedali ya upande huo. Huwa nazijaribu nikiwa bado hewani. Ya kulia ngumu, safi. Ya kushoto ikazama mpaka sakafuni.

Nikaanza kuipampu. Mfumo ukiwa umeingia hewa, ukipampu harakaharaka pedali hupanda, ukapata breki ya kuazima. Ikapanda kweli! Nikatabasamu, nikapumzisha mguu, ikazama tena. Pampu, panda, zama. Jasho linanitoka, goti linanicheza, nami naongeza kasi tu kama mtu mwenye tenda ya sare za shule. Shemeji akashindwa kuvumilia: "Shem, unashona cherehani?" Nilipomweleza akasema, "Si uvute hendibreki?" Hendibreki ya 172 hutumia mabomba yaleyale ya mafuta ya breki. Nikamwomba akaze mkanda.

Mnara wa kuongozea ndege nikauambia mapema kwamba nitasimama katikati ya njia na nitahitaji kuvutwa. Wakaniuliza kama nataka zimamoto. Waje tu.

Kaskazi ilikuwa inavuma, nikaingia njia ya kutulia namba 05, inayotazama kaskazini-mashariki, upepo usoni, flapu (vibawa vya nyuma ya mbawa vya kupunguza mwendo) zote chini. Mbele yangu kuna mita 3,000, lakini nilishika mwendo wa noti 61 (maili za baharini kwa saa) kama natua kwenye kiwanja cha kijijini. Hapo ndipo kazi inapofanyika: kila noti ya ziada utailipia chini. Matairi ya nyuma yakagusa, nikavuta usukani tumboni, pua ikabaki juu, upepo ukafanya kazi ya breki. Flapu sikuzipandisha. Breki ya kulia sikuigusa hata kwa kidole, maana ingetugeuza kulia, tuingie majanini kwa kasi. Gurudumu la mbele lilipotua nikaiongoza ndege kwa pedali, kisha nikakata mafuta, kwani injini hata ikiwa sailensa, bila kuongezwa moto, bado inasukuma. Tukasimama tukiwa na njia ya kumwaga mbele yetu.

Fundi akakuta kimpira cha pistoni ya breki kimechoka, mafuta mekundu yamechuruzika hadi kwenye tairi. Kimpira chenyewe hakifiki bei ya chipsi mayai. Ufundi na makaratasi vilikula laki kadhaa.

Shemeji sasa anapanda boti.