Matundu ya Mkanda

Juzi mtoto alinikuta navaa, akaushika mkanda wangu na kuanza kuhesabu matundu. Matano ya kiwandani yamenyooka. Matatu mengine yamekwenda upande, niliyatoboa mwenyewe kwa msumari wa moto. "Baba, haya kayaharibu nani?" Mimi. "Kwa nini?" Nikamwambia nimechelewa kazini, akamuulize bibi yake kwenye simu.

Nilikuwa na kilo 104, nikafika 79. Katikati hapo kuna miezi ambayo sina hamu ya kuisimulia: kupanda kilima cha Mlimwa hapa Dodoma alfajiri na baridi lile la upepo, chipsi kuwa haramu, mke wangu kuficha sukari. Kilichoniuma ni kwamba baada ya kupungua sikuwa na mwili wowote wa kuringia. Nilikuwa gunia lililomwagwa mahindi. Sitapu 100 kila siku, na tumbo limelala tu.

Yule kocha wangu wa Chang'ombe, wa ile jimu ambayo vyuma vyake ni bomba na makopo ya rangi ya lita 4 yaliyojazwa zege, kila kopo kama kilo 10, ndiye aliyenitoa ujinga. "Mkuu, sitapu hazichagui mafuta ya tumbo. Mwili unatoa unakotaka wenyewe, na kwa wanaume wengi tumbo ndiyo la mwisho. Halafu ulijinyima bila kubeba chuma, umepoteza mafuta na misuli pamoja." Akaniandikia mayai, maharage na dagaa, akaniweka chini ya bomba mara 3 kwa wiki. Usiku mmoja umeme ulikatika, naoga kwa mshumaa, mwanga ukanipiga ubavuni nikaona mistari 2 tumboni. Nilikaa humo bafuni mpaka mke wangu akagonga mlango.

Juni 2019 nikaenda Mvumi kumsaidia mama kupura uwele. Nakiri sikufuata uwele peke yake. Makapi yake yanawasha, na hicho ndicho kisingizio nilichokitaka cha kuvua shati.

Mama alikuwa kwenye kigoda, anapeta. Ungo ukasimama hewani. Akauweka chini, akanyanyuka taratibu, akaja mpaka nilipo. Kiganja chake, kikavu, kimejaa vumbi la makapi, akakiweka ubavuni pangu akawa anakishusha, ubavu mmoja mmoja, hadi kwenye ile mistari niliyoihangaikia miaka 2. Hapo akatulia. Kisha akashika mkono wangu, akafuata kwa kidole mshipa uliotokeza, kutoka kwenye kiwiko mpaka kiganjani. Shangazi naye alishaacha kupura.

"Baba," akaniita kwa sauti ya chini, "umepima?"

"Mama, haya ni mazoezi."

"Nimekuuliza, umepima?"

Nikasema nimepima, mzima kabisa. Hakuniamini, au aliniamini akapata la kuogopa jingine. "Bibi yako alikuwa akisema, wakati wa Mtunya watu walitoka kamba hivi hivi mwilini." Mtunya ni ile njaa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, majeshi ya Wazungu yalipochukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na mvua nazo zikagoma. Mama hakuiona, alikuwa hajazaliwa, lakini kaisikia jikoni kwa mama yake mpaka ni kama aliipitia. Nami nimesimama mbele yake na kamba zangu, nimezilipia.

Nilitaka kumweleza habari za protini. Nikavaa shati. Makapi yakaingia ndani, nikajikuna hadi jioni.

Usiku huo jogoo alichinjwa. Ugali wa uwele, mlenda, na mama kaketi ananitazama, nikimaliza anaongeza. Asubuhi akanipa chupa ya samli, akasisitiza nisigawe. Sikugawa. Kocha alininunia wiki nzima, na sidhani kama ile mistari imewahi kurudi vilevile.

Jana mtoto amerudi na jibu lake. "Bibi kasema ulikuwa unaumwa, akakupa samli ukapona."

Sikubisha. Nilikuwa nimevuta pumzi, nalitafuta tundu la tatu.