Kusomea hoteli na utalii hapa Goma: nawajibu wadogo wote mara moja

Kila mwaka wa masomo ukikaribia, wadogo wa kartye na wa kanisani wananiandikiaga WhatsApp, yaya, nijiandikishe hoteli na utalii ao nifuate droit (masomo ya sheria) sawa vile baba anataka? Leo naandika yote hapa ili mtu akiuliza nimtumie link. Na kabla ya yote niseme wazi, niko mwaka wa mwisho wa lisansi, haya masomo nayapenda sana, na sikubali wakisema eti vita imeyafanya yakose maana.

Watu wengi wanafikiri tunaenda iniversite kujifunza kutandika kitanda na kubeba sahani tatu ku mkono mmoja. Kutandika tunajifunza kweli na si kazi ya kudharau, shuka ikiwa na mkunjo mgeni anauona hata mbele ya kuona ziwa dirishani. Lakini sehemu kubwa ya masomo ni hesabu, na hiyo hesabu njo ilinifanya nipende hii kazi. Duka la mashati lina bahati, shati lisilouzwa leo litauzwa kesho ao mwezi ujao. Chumba kisipolaliwa usiku wa leo, ule usiku umekwisha kufa, ni sawa sambaza mbichi, wale samaki wadogo wa ziwa, za soko la Kituku zikifika jioni bila mnunuzi. Kampuni za ndege za Marekani njo ziliumiza kichwa sana na hili jambo baada ya serikali yao kuziachia zipange bei zenyewe mwaka 1978, ndege moja, viti vinavyofanana, lakini kila mtu amelipa bei yake kulingana na siku aliyonunua. Hoteli kubwa sawa za Marriott zikafuata nyuma.

Sasa tuseme uko na hoteli ya vyumba 40 pale Himbi. Unauza dola 80, unapata vyumba 20, umeingiza 1,600, gawanya kwa vyumba vyote 40 (vyote, hata vile vitupu), kila chumba kimekuletea 40. Ukishuka hadi 60 na vyumba 32 vikajaa, umeingiza 1,920, kila chumba kimeleta 48. Wenye hoteli wengi wa hapa hawataki hata kusikia kushusha, wanaona bei ni heshima ya nyumba. Ila na wewe usikimbilie kushusha, juu hivyo vyumba 12 vya ziada vina shuka za kufua, sabuni, mayai ya asubuhi, maji ya kupandisha ku tanki, na siku umeme umekatika kuna mazutu ya jenereta ya kununua kwanza. Mtu anayejua kupima hivyo vitu vyote kabla ya kusema bei, huyo amesoma.

Lakini kitu nilichotaka kuwaambia hasa ni hiki: vitabu tunavyosoma vimeandikwa kwa ajili ya miji mingine, inabidi usome ya dunia yote halafu uje uhesabu ya kwenu mwenyewe. Nilikiona kwenye staji, yale mazoezi ya kazi tunayofanyia hotelini. Pale resepsioni kulikuwa na rejista, ile kubwa ya jalada gumu, kona zimeshalika, mistari imechorwa kwa bic na rula: jina, uraia, namba ya pasipoti, kazi, anatoka wapi, anaenda wapi, chumba, saini. Nikaomba ruhusa niingize tarehe na kazi za wageni mu Excel, majina nikayaacha. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba hoteli ya kando ya maji inajaa ijumaa na jumamosi, watu wanakuja kupumzika. Yetu ilikuwa inajaa jumanne, jumatano, alhamisi, ijumaa mchana masanduku yanashuka, jumamosi korido nzima kimya. Na ku safu ya kazi unasoma: lojistika, mshauri wa mradi, mfanyabiashara wa Butembo, daktari toka Bukavu, mshauri wa mradi tena, mshauri wa mradi. Wa kuja kutazama volkano walikuwa wachache sana. Hoteli ilikuwa inaishi na sale ya semineri, na pozi kafe ya saa nne yenye sambusa mbili na chupa ya maji, na perdiem (posho za siku) za watu wa mashirika.

Halafu mwezi wa kwanza 2025 mambo yakaja kwa wakati mmoja, Marekani ikasimamisha misaada yake, na mwisho wa mwezi ule ule vita ikaingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa, mabenki yakafunga. Hoteli zilizokuwa zinategemea kundi moja tu la wageni zikabaki na viti vya plastiki vimepangwa kwenye sale tupu. Najua mtu anaweza kusema nani angejua, lakini rejista ilikuwa inaonyesha miaka yote kwamba wageni wanatoka mlango mmoja, hakuna aliyekaa kuisoma. Na si Goma peke yake, dunia nzima iliona hiyo 2020, safari za kimataifa zilikuwa karibu bilioni 1.5 mwaka 2019, corona ikazishusha kwa zaidi ya asilimia 70 ndani ya mwaka mmoja, na hoteli zilizopumua ni zile zilizokuwa na wageni wa ndani ya nchi. Ndiyo sababu nasema mfanyabiashara wa Butembo, familia ya arusi, mwanafunzi toka Bukavu aliyekuja na boti, hao tuwapangie bei na huduma yao vizuri, tusiwapokee sawa watu wa kuziba nafasi.

Kitu kingine kilichonikaa moyoni ni plato ya asubuhi, ile sahani ya chai anayopewa mgeni. Kuna somo la pesa zinazovuja, maana yake mgeni analipa hapa lakini sehemu kubwa ya pesa yake inarudi nje kununua vitu. Siku moja nilichukua plato moja jikoni nikaandika ku karatasi kila kitu na fasi kimetoka. Kahawa, ya unga, ya kopo, toka ng'ambo, na sisi arabika ya Kivu inalimwa Idjwi, Minova, Kalehe, inapanda meli kwenda kunywewa Ulaya. Maziwa ya unga, na ng'ombe wa Masisi wako hapo juu. Siagi ya kopo. Konfityiri (jamu) ya toka mbali sana, na maracuja, yale matunda ya pasheni, zinauzwa ku soko kwa ndoo. Mayai ya Uganda. Mkate na nyanya za omleti tu njo vilikuwa vya kwetu. Fromaji (jibini) ya Masisi, ambayo mtu akisafiri kutoka Goma lazima aulizwe umetuletea fromaji, haikuwepo kabisa. Nikamuuliza mpishi mkuu, mzee anayeheshimiwa sana, akanijibu: "Mutoto, fromaji naipenda kukuliko, lakini barabara ya Masisi ikifungwa siku tatu nitampa mgeni nini? Kopo haliogopi barabara." Ana haki. Ndiyo maana kazi yangu ya mwisho nimeamua kuifanya juu ya hiyo plato, kitu gani kinaweza kutoka hapa bila kukatika na kwa bei gani. Naanza na kahawa juu yenyewe inakaa, haiozi, na kuikaanga kunaweza kufanyika mjini.

Juu ya gorila nitasema haraka, wengi mnajua. Sisi, Rwanda na Uganda tuko na milima ile ile ya Virunga, na familia za gorila hazina pasipoti, zinavuka mipaka. Rwanda ilipandisha kibali cha kwenda kuwaona kutoka dola 750 hadi 1,500 mwezi wa 5 mwaka 2017, Uganda leo ni 800, kwetu ilikuwa 400. Ile tofauti ya bei, mgeni analipia barabara, amani, na uhakika wa kurudi nyumbani. Hifadhi yetu ya Virunga njo ya kwanza Afrika, 1925, UNESCO iliiandika 1979, tangu 1994 iko kwenye orodha ya zilizo hatarini, na mwezi wa 5 2018 walipoteka Waingereza wawili na kumuua mlinzi wa kike aliyekuwa nao, utalii ulifungwa hadi mwanzo wa 2019. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa kwa ajili ya ile misitu. Mimi siwezi kusoma somo la bei ya kibali bila kuwafikiria wao.

Wengine wanasema hii ni kazi ya nchi tajiri. Sikubali. Uswisi ilikuwa nchi ya milima na wakulima, watoto wao wengi wanatoka kwenda kutafuta maisha, César Ritz alizaliwa 1850 kijijini kwa wakulima, mtoto wa kumi na tatu, na 1898 akafungua hoteli Paris yenye jina lake. Shule ya hoteli ya Lausanne ilianza 1893, na mpaka leo watu wanatoka dunia nzima kwenda kusoma pale. Milima na ziwa tunavyo, hata volkano tunayo.

Kwa wadada nina neno la pekee. Kuna hoteli ambazo mgeni anafikiri mtoto wa resepsioni yuko ndani ya bei ya chumba, na kuna msimamizi anayekwambia vumilia, kliyenti ni mfalme. Usivumilie. Andika kwenye daftari la zamu, tarehe, saa, namba ya chumba, na mwambie mwalimu anayefuatilia staji siku hiyo hiyo. Rafiki zangu wawili waliacha staji mahali fulani na wakapoteza alama, na mimi naona chuo njo kilipaswa kuwatafutia fasi ingine bila kuwakata kitu. Somo la kukataa mgeni kwa heshima liwekwe kwenye programu, liko na maana sawa na somo la mvinyo.

Basi kabla ya kulipa minervali (ada ya chuo), nenda uliza chuo vitu hivi: staji ni miezi mingapi na nani anaitafuta, kuna kompyuta za programu ya hoteli ao mnachorewa ubaoni, na Kiingereza kinafundishwa na mtu anayekiongea kweli, juu wageni wengi sasa wanashukia Kigali na kuvuka mpaka kwa gari, na ile meseji ya kwanza wanayoandika kuuliza chumba inakuja kwa Kiingereza. Kama baba bado anataka droit, mwombe akupeleke hoteli yoyote ya mtu anayemjua, mkae na mwenye hoteli saa moja, umuulize jumamosi anauza vyumba vingapi. Ile Excel tupu yenye fomula ninayo, anayeitaka aniandikie, nitaituma usiku mtandao ukikaa vizuri.