Haunter wetu aligeuka leveli ya 54, na kosa lilikuwa langu

Hii habari ni ya deni la zamani. Mwaka 2001 kaka yangu alirudi kutoka Muscat, na katika ugawaji wa zawadi dada zangu wakapata vitenge na manukato, mimi nikatupiwa Game Boy Color na kaseti moja ya buluu, Pokémon Blue, gemu la kukamata wanyama wa kubuni na kuwapiganisha wapande leveli, na wengine wakikomaa hugeuka kuwa wanyama wapya. Makorora nzima, mtaa wetu wa Tanga, kwa jinsi nilivyojua mimi, kidude kile kilikuwa kimoja tu. Nilikicheza mpaka vibonye vikapauka.

Nikamaliza gemu, nikawa bingwa, nikiwa na Kadabra. Sikuwa na Alakazam, ambaye ndiye Kadabra akigeuka, nilikuwa na Kadabra. Nikajiambia labda bado hajakomaa, nikaendelea kumlisha mapigano. Leveli ya 60 kimya. Leveli ya 80 kimya. Wallahi nilimfikisha 100, nikakaa kibarazani nikimsubiri kama mtu anayesubiri mchele uive kwenye jiko lisilo na moto. Miaka ikapita, betri ndogo iliyo ndani ya kaseti ikafa, na Kadabra wangu wa leveli 100 akaenda nayo.

Nilikuja kujua baadaye sana kwamba kuna wanyama wanne katika gemu lile ambao hawageuki mara ya mwisho mpaka umpe mtu mwingine kwa kebo ya kuunganisha Game Boy mbili: Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter, yule mzimu. Ilifanywa makusudi. Satoshi Tajiri, aliyelibuni, utotoni alikuwa mkusanyaji wa wadudu, na alipoiona kebo ya Game Boy akawaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Ndiyo maana Japani mwaka 1996 yalitoka matoleo mawili kwa mpigo, Red na Green, kila moja likiwa limenyimwa baadhi ya wanyama. Hata hii Blue yangu ina Vulpix na haina Growlithe. Wazo zuri, sikatai. Wali wa nazi nao mzuri, ila uwe na nazi.

Sasa nina steshonari Ngamiani. Natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi, napiga paspoti saizi. Mtoto wa kaka yule yule, miaka kumi na moja, akitoka shule hupita kwangu kumsubiri baba yake, na kumtuliza nilimwekea gemu lile kwa emuleta, programu inayoigiza Game Boy, kwenye laptopu yangu ya zamani ile yenye bawaba mbovu. Akalipenda gemu kuliko nilivyotegemea. Siku moja akaja, shikamoo yenyewe haijaisha kinywani: "Shangazi, huyu Haunter anageuka leveli ya ngapi?"

Nikakiona kibaraza cha Makorora. Nikasema, safari hii hapana.

Ushauri nilioupata kwanza ulikuwa wa hovyo. Kijana mmoja fundi kompyuta akaniambia nipakue gemu lililokwisha rekebishwa, lina wanyama mia nane, vita vimeongezwa ugumu, hadithi mpya. Sikutaka hadithi mpya, nilitaka Haunter ageuke. Mwingine akanishauri ninunue simu ya pili niunganishe emuleta mbili nijibadilishie mwenyewe. Simu ya laki mbili kwa ajili ya mzimu mmoja! Yule fundi nilipomrudia akaona nimekasirika, akanipa angalau kitu cha maana: fungua romu, yaani faili la gemu, kwa programu ya kuhariri heksa, inayokuonyesha namba za ndani za faili, tafuta 03 01 0E, pale kwenye 03 weka 01, na pale kwenye 01 weka leveli unayotaka. Akamalizia, "Ndogo tu hiyo, dada." Halafu akaondoka na buku tano zangu za soda.

Na kweli mantiki yake ilikuwa sawa. Gemu limeandika habari za kugeuka kwa baiti chache. Ya kwanza inasema njia: 01 ni kwa leveli, 02 ni kwa kupewa jiwe, 03 ni kwa kubadilishana. Ya mwisho ni namba ya mnyama atakayetokea, na 0E ni Gengar, ambaye ndiye Haunter akigeuka. (Namba hizi za ndani hazifuati ile orodha ya wachezaji. Humo ndani namba moja ni Rhydon, si Bulbasaur, na inasemekana ni kwa sababu yeye ndiye aliyechorwa mwanzo.) Nikachagua leveli ya 36, kwa kuwa ndiyo Charmeleon anayogeukia Charizard, nikaona ni haki. Nikaandika 01 36 0E. Nikasevu. Nikajipongeza kwa chai na kashata.

Bwana mdogo akamfikisha Haunter leveli ya 36. Hakuna kitu. Akaja 37, 38, akaanza kuniangalia kwa lile jicho la mtoto aliyeahidiwa kwenda ufukweni Raskazone Idi ikapita. "Shangazi, umesema atageuka." Nikamwambia labda anataka kupigana zaidi. Yaani nilimpa ule ule uongo niliojipa mimi mwaka 2001.

Hapo nikaingiwa na ujuaji. Nikasema leveli haifai, nitatumia jiwe, ampe Moon Stone na mambo yaishe. Kasoro yake ni kwamba habari ya jiwe inataka baiti nne na ya leveli ni tatu. Nikaona si tatizo, nitachomeka moja katikati. Nikachomeka. Gemu halikufika hata kwenye picha ya mwanzo. Skrini ikaganda, spika ikatoa mlio mmoja mrefu kama wa pasi inayoungua, na mteja aliyekuja kudurufu cheti cha kuzaliwa akaniuliza kama mashine ni salama.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa nilichofanya. Chukua barabara zetu za Ngamiani zenye namba. Tuseme usiku mtu anachomeka barabara mpya kati ya sita na saba, bila kumwambia yeyote. Asubuhi ya saba imekuwa ya nane, ya nane ya tisa, mpaka mwisho wa mji, lakini kila mwenye miadi bado anahesabu zile za zamani. Huyu anagonga mlango wa watu asiowajua, yule anaingia msibani akidhani ni harusi. Gemu la namna hii halitafuti kitu kwa jina, linakwenda moja kwa moja kwenye namba ya mahali. Baiti moja niliyoichomeka ilisukuma kila kitu kilichofuata. Kama unahariri heksa, badilisha iliyopo, usiongeze wala usipunguze. Na weka nakala kwenye flashi kabla hujagusa lolote. Mimi nilikuwa nayo kwa bahati, si kwa busara.

Nikarudisha lile la mwanzo lenye 36 yangu isiyofanya kazi, nikamwachia mtoto acheze hivyo hivyo, nikaendelea na fotokopi. Nilikuwa nimesalimu amri.

Wiki kama tatu zikapita. Jioni moja, umeme umerudi muda si mrefu, duka limejaa wanafunzi wa chuo na karatasi zao, nasikia kelele kutoka nyuma: "Amegeuka! Shangazi, amegeuka!" Nikaacha mashine inameza karatasi. Kweli, Gengar, anacheka na meno yake yote. Leveli ya 54. Mtoto alikuwa anawanoa wanyama wake kabla ya kuwakabili wapinzani wanne wa mwisho wa gemu.

Hamsini na nne. Usiku sikulala vizuri. Kwa nini 54? Nikafungua romu tena nikatazama baiti zilizofuata baada ya zile tatu zangu. Kuna 00 ya kufunga, halafu vinafuata vitu ambavyo Haunter anajifunza. Katika orodha anajifunza Hypnosis leveli ya 29 na Dream Eater leveli ya 38. Lakini mbele yangu ziliandikwa 1D na 26. Hakuna 29, hakuna 38. Nikachukua kalamu. D ni kumi na tatu. Kumi na sita na kumi na tatu ni ishirini na tisa. Ah! Na ile 26 ni kumi na sita mara mbili, jumlisha sita: thelathini na nane. Kumbe hawa wanahesabu kwa kumi na sita! 36 yangu ilikuwa kumi na sita mara tatu na sita juu, yaani 54. Gemu lilinitii neno kwa neno tangu siku ya kwanza.

Ni kama mgeni aliyeambiwa njoo saa mbili asubuhi akatia saa yake ya kizungu akaja saa nane ya usiku, kisha akalalamika kwamba Watanga hawafungui milango. Na yule fundi aliyesema "weka leveli unayotaka" hakuona haja ya kunitajia hilo. Buku tano zangu!

Basi nikaandika 24, ambayo ndiyo 36 ya watu wa kawaida, na wale wengine watatu nikawafanyia vivyo hivyo kwa robo saa.

Baada ya hapo nikawa sishikiki. Kuna jambo lililonikera tangu zamani: wanyama wa aina ya Psychic, wale wa nguvu za akili, walikuwa hawashikiki katika matoleo yale, na humo ndani ya gemu mtu anakwambia wanaogopa wadudu na mizimu. Ukipeleka mzimu, pigo lake halina athari hata kidogo. Ni kosa la jedwali. Kila mstari una baiti tatu, anayepiga, anayepigwa na nguvu mara kumi: 20 ni maradufu, 5 ni nusu, 0 ni bure. Mzimu dhidi ya Psychic iliandikwa 08 18 00. Nikaweka 08 18 14, na tafadhali ona kwamba sikuandika 20. Nimeshahitimu. Kusema kweli faida yake ni ndogo, maana pigo la kweli la mzimu lililoathiriwa na jedwali lile ni Lick peke yake, nalo ni dhaifu, na Gengar mwenyewe ni nusu sumu kwa hiyo Psychic wanamuumiza. Lakini roho yangu ilitulia.

Focus Energy nayo, ambayo inatakiwa kukuongezea bahati ya pigo kali na badala yake inaipunguza mpaka robo, sikuigusa. Ile si namba tu ya kubadilisha, ni maagizo yenyewe yamekosewa.

Ilikuwa wakati natafuta habari za hiyo ndipo nikagundua kitu kilichonifanya nitake kulia. Wapenzi wa gemu hili walikwisha lifumua lote, mradi unaitwa pokered, kila kitu kimeandikwa kwa maneno yanayosomeka. Unafungua faili, unakuta EVOLVE_TRADE, unaifuta unaandika EVOLVE_LEVEL na 36. Na humo 36 ni 36! Ukitaka kuongeza mstari ongeza, programu inapanga upya namba za nyumba zote yenyewe. Wiki zangu zote zile, na bando la sijui elfu ngapi.

Bwana mdogo alipoona naweza kufanya lolote, akaleta orodha. Begi lichukue vitu 60 badala ya 20. Miti inayoziba njia ikatwe bila kumfundisha mnyama pigo la Cut. Baiskeli iuzwe bei ya kawaida. Begi nilijaribu, faili lake la kusevu likakataa kufunguka kwa sababu kila kitu kwenye kumbukumbu kilikuwa kimesogea; flashi ikatuokoa kwa mara ya pili, nikarudisha 20. Ya Cut nilimkubalia moyoni, kwa kuwa ukishamfundisha mnyama katika matoleo yale hasahau tena maisha, ila sijaifanya bado.

Baiskeli nilikataa katakata. Duka linaiuza 1,000,000, na pochi ya mchezaji mwisho wake ni 999,999. Mtoto akaona ni uonevu. Mimi ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Unaitamani, unahesabu hela, halafu unakuja kupewa vocha bure na mzee mmoja kwa sababu tu ulikaa ukamsikiliza akimsifia Rapidash wake. Mtu wa Tanga, mji wa baiskeli, ataondoaje hiyo?

Juzi kaja na rafiki yake wa darasani. Rafiki ana gemu lile lile kwenye simu, la Red, halijaguswa, na ana Growlithe. Wakakaa kwenye ngazi ya duka wakabishana bei: Growlithe mmoja kwa Vulpix na Machoke. Kisha bwana mdogo akaingia, mikono nyuma.

"Shangazi, eti unaweza kuurudisha ule mstari wa kubadilishana? Usiutoe wa leveli. Uwepo wote."

Nikamuuliza kebo iko wapi. Akasema hiyo wataitafuta wao. Nikaongeza mstari, na mteja wa paspoti saizi akasubiri.