Siku moja na tezi ya shingoni

Saa 11 alfajiri niko kituoni Mbagala Rangi Tatu, nagombea daladala. Saa 1:30 nimeshavaa koti, niko maabara ya patholojia.

Saa 2. Natoa vipande vya nyama za wagonjwa vilivyolala kwenye mashine usiku kucha, navizamisha kwenye nta. Kimojawapo ni tezi ya shingoni ya kijana wa miaka 34. Amemeza dawa za TB miezi minne, huku tezi zinavimba, homa haikatiki na usiku analoa jasho. Aliyemwanzishia dawa za TB simlaumu, dalili zinafanana mno. Kinachoniuma ni kinyama chake cha kwanza: kilichotolewa kwa sindano, kikatufikia kimekauka, hakikutiwa formalini, dawa ya kuhifadhi kinyama kisiharibike. Wiki tatu zikapotea. Safari hii wamemtolea tezi nzima.

Saa 3, kukata. Unene wa maikroni 3 tu, yaani sehemu tatu za elfu za milimita. Utepe wa nta unatoka kwenye kisu laini kama ganda la kitunguu. Naulaza juu ya maji ya uvuguvugu, unajinyoosha, nauopoa kwa kioo. Hapa hata feni nazima.

Saa 5 daktari anatazama slaidi zilizotiwa rangi za kawaida. Seli kubwa, viini vimepinda vibaya. Anaomba vipimo vya CD20, CD3, CD30 na ALK, protini zinazosaidia kutambua aina ya seli; zikiwepo, slaidi inakuwa kahawia. Kazi ya saa kadhaa; chakula nakula nimesimama.

Saa 9:30 slaidi ziko tayari. CD20, alama ya seli B, haikushika. CD3, alama ya seli T, kahawia, CD30 kahawia iliyokolea kila kona, ALK hakuna. Ni limfoma ya seli T, saratani ya chembe nyeupe za damu, adimu na inakwenda mbio. Limfoma nyingi ni za seli B, na dawa yao, rituksimabu, hushika CD20, kwa hiyo huyu haimfai. Ataanzia CHOP, mchanganyiko wa dawa za saratani, kila baada ya siku 21. Ipo dawa ya brentuksimabu inayolenga CD30, lakini bei yake wengi hawaimudu. Daktari hakungoja karatasi, akapiga simu kliniki papo hapo.

Saa 10 mama wa yule kijana yuko dirishani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Majibu?”

“Yametoka. Daktari ndiye atakayekueleza.”

“Zile dawa za TB aendelee nazo?”

Sikuwa na ruhusa ya kumjibu. Nikavua glavu, nikamshika mkono, nikampeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa daktari. Kesho kijana anakwenda Ocean Road, hospitali ya saratani.

Saa 12 jioni nimepanga vipande vya leo kwenye mashine. Kimoja ni tezi ya mtoto.