Zamani ipi hiyo?

Juzi kwenye kikao cha familia mjomba alitangaza kwamba dunia imekwisha: bei, joto, vita. Tukaitikia wote, ila bibi akacheka. Yeye alizaa tisa akalea watano. Surua ilimchukulia wawili masika moja. "Zamani ipi hiyo mnayoililia?"

Usiku nikapekua takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2004-05 ulikuta watoto 112 kati ya kila 1,000 Tanzania wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022: 43. Chanjo na vyandarua vyenye dawa vimechangia sana, na hakuna aliyepiga vigelegele. Mtoto akifa kunafungwa turubai na majirani wanajaa. Aliyechanjwa asiugue anaendelea tu kusumbua watu uwanjani, nani atamtangaza?

Simwambii mjomba anaota. Bei ya mafuta ya kula imemkaba kweli (hata mimi). Na vichanga wa mwezi wa kwanza bado tunawapoteza: kutoka 32 hadi 24 tu kati ya 1,000 kwa muda huohuo. Hapo ndipo ningependa tulalamike, tena kwa sauti: wakunga wa kutosha, wodi za njiti, oksijeni mpaka wilayani.