Mbwa aliyekomaa akikataa gari ghafla: kwa sisi tunaofuga Uingereza

Nyumbani kwetu mbwa wengi huishi maisha yao yote bila kupanda gari. Kazi yao ni getini na uani, na daktari wa mifugo, akihitajika, huja mwenyewe. Huku Uingereza mambo ni mengine. Mbwa anapelekwa kwa gari kliniki, kwa mlezi wa mchana watu wakiwa zamu, na kwenye viwanja vya kukimbia. Kwa hiyo mbwa aliyezoea kujirukia mwenyewe garini kwa miaka minne, siku moja akakita miguu chini na kutetemeka, ratiba ya nyumba nzima inavurugika. Na sisi tuliokulia na mbwa wa ulinzi tuna haraka ya kusema amekuwa jeuri, avutwe tu, atazoea.

Si jeuri. Hofu inayomwanza mbwa aliyekomaa ghafla ina chanzo, na mara nyingi chanzo hicho kipo mwilini mwake au ndani ya gari lenyewe. Mafunzo yakianza kabla chanzo hakijatafutwa, wiki nyingi zitapotea bure.

Anza na mwili. Kurukia kwenye buti la gari lenye kimo cha sentimita 70 kunaumiza nyonga, magoti na mgongo ulioanza kuchakaa, na gari likikata kona mbwa hulazimika kukaza misuli yote ili asianguke. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln na wenzao wa Brazil walichapisha uchunguzi mdogo wa mbwa 20 wanaoogopa kelele, 10 kati yao wakiwa na maumivu ya misuli au viungo. Hofu ya hao wenye maumivu ilikuwa imeanza wakiwa na umri mkubwa kuliko wasio na maumivu, tofauti ikiwa kwa wastani karibu miaka minne. Maelezo yao yanaingia akilini: mbwa akishtuka misuli hukaza, maumivu hupiga, naye huunganisha yale maumivu na kile kilichomshtua. Ndiyo maana safari ya kwanza ni kwa daktari, akague viungo, mgongo, meno na masikio. Sikio la ndani likiugua mbwa hupata kizunguzungu. Ukiona kichwa kimeinama upande mmoja au macho yanachezacheza, usisubiri. Hakuna NHS, ile huduma ya afya ya umma, kwa mbwa, kwa hiyo uliza bei mapema na usome bima yako. Wanaopokea baadhi ya ruzuku za serikali wanaweza kupata matibabu ya bure au nafuu kupitia shirika la PDSA.

Kichefuchefu nacho kina sura yake: mate yanadondoka kwa nyuzi, mbwa analamba midomo, anameza mara kwa mara, anapiga miayo, halafu anatapika. Hofu peke yake huonekana zaidi kwa kuhema, kutetemeka, mkia kubanwa na kutafuta pa kutorokea. Mara nyingi viwili hivi huzaana: aliyetapika mara tatu huanza kuogopa hata kabla injini haijawaka. Daktari anaweza kuandika maropitanti, dawa ya kuzuia kutapika, inayotolewa zaidi ya saa moja kabla ya safari pamoja na kitu kidogo cha kula. Mlo kamili uishe saa 3 kabla ya kuondoka.

Sasa ligeukie gari. Jiulize nini kimebadilika tangu siku alipopanda vizuri mara ya mwisho. Gari jipya? Mkeka wa plastiki unaoteleza kwenye buti? Kizimba kisichofungwa, kinachogonga ukuta kila kona? Magari ya siku hizi yana milio mingi: ya kuvuka mstari, ya kurudi nyuma, ya mkanda. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mbwa akikaa kwenye kiti cha nyuma chenye kihisi cha uzito, gari linaweza kumdhania abiria asiyefunga mkanda na kulia pi-pi-pi. Chomeka mkanda wa kiti kwenye kifungio chake, mlio utakoma. Mlio wa kuvuka mstari mara nyingi huzimwa kwenye mipangilio ya gari.

Tandika mkeka wa mpira usioteleza unaofunika sakafu yote. Buti hurushwarushwa zaidi kwa sababu liko nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma. Mbwa mwenye kichefuchefu hutulia zaidi kwenye kiti cha nyuma. Kwa mwenye viungo vibovu, tafuta ubao wa kupandia usioteleza, kadiri ulivyo mrefu ndivyo mteremko unavyokuwa mpole, na umfundishe kuutumia ukiwa umelazwa sebuleni kwanza. Kanuni ya 57 ya Highway Code, mwongozo wa barabarani wa Uingereza, inataka mbwa afungwe ipasavyo garini. Mkanda wake ufungwe kwenye vazi la kifuani, kamwe usifungwe kwenye kola ya shingo, maana breki moja kali inaweza kumvunja.

Baada ya hapo, mpumzishe gari kabisa kwa wiki mbili, ukiweza. Tembeeni kwa miguu. Kila safari ya kulazimisha katika kipindi hiki inabomoa ulichojenga, na watu wengi hukwama hapa: wanafanya mazoezi mazuri Jumatatu, kisha Jumatano wanambeba mbwa mzobemzobe kwa sababu wamechelewa. Kama lazima asafiri, mwambie daktari akupe dawa ya siku hiyo.

Mazoezi ni dakika 3 hadi 5, mara mbili kwa siku, ukiwa na vipande 10 hadi 15 vya kuku wa kuchemsha bila chumvi, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Gari limezimwa, limeegeshwa pasipo na magari yanayopita, milango ya pande zote mbili wazi ili aone pa kutokea. Tafuta umbali ambao bado anakula. Hiki ndicho kipimo chako: mbwa anayekataa kuku yuko karibu mno. Rudi nyuma maradufu, hata kama ni mita 20. Mpe kipande kila anapoligeukia gari kwa utulivu, kisha ondokeni. Sogea hatua moja au mbili tu kwa siku.

Akifika mlangoni, mwache aweke mguu mmoja, atoke, arudi. Usimsukume makalio. Akiingia mwenyewe na kujilaza, funga mlango kwa sekunde 2, fungua. Halafu 5, 10, 30. Injini huja baadaye: kwanza mtu mwingine aiwashe mbwa akiwa nje mita 5, ndipo aiwashe mbwa akiwa ndani na gari limesimama. Kisha endesha mita 10 na kurudi, halafu zunguka mtaa. Kanyaga breki mapema na ingia kipilefti polepole, kana kwamba umebeba sufuria ya mchuzi kwenye kiti. Safari za mwanzo ziishie mahali anapopapenda. Akirudia kutetemeka, shuka ngazi mbili na uanze tena hapo. Wapo wanaomaliza kwa wiki tatu, wapo wa miezi mitatu.

Wazee wetu watasema ukimbembeleza utamdekeza. Kwa hofu haiko hivyo. Sauti ya upole na mkono wako kifuani havimfundishi kuogopa zaidi. Kinachomharibu ni kumfungia ndani mpaka achoke kulia. Huyo hajazoea, amekata tamaa, na safari ijayo anaweza kung'ata.

Hofu ikiwa kali hata kula hataki, daktari anaweza kuandika trazodoni au gabapentini. Ijaribiwe kwanza nyumbani siku isiyo ya safari, uone inavyomchukua. Asepromazini ikitumika peke yake hulegeza mwili huku hofu ikibaki ndani, kwa hiyo ukiandikiwa, uliza sababu. Usimpe dawa za binadamu: ibuprofeni na paracetamol zinaweza kumuua. Siagi ya karanga unayompaka kwenye kijiko isiwe na xylitol, ambayo kwenye lebo huandikwa pia E967.

Usimwache garini peke yake kama sehemu ya mazoezi. Nje kukiwa nyuzi 22 tu, ndani panaweza kufika 47 kwa saa moja. Na hakikisha namba ya simu iliyosajiliwa kwenye mikrochipu yake ni hii unayotumia sasa, kwa sababu mbwa mwenye hofu hutoroka pale mlango unapofunguliwa baada ya kufika. Shika kamba kwanza, hesabu hadi tano, ndipo ufungue.