Majiko Tisa ya Brighton

Shangazi yangu alikuwa muuguzi Uingereza kwa miaka mingi. Agosti ile aliponitembelea chuoni alitaka jambo moja tu: bahari. Watu wa Tanga ndivyo tulivyo. Tukapanda treni ya Brighton, kwenye reli iliyofunguliwa mwaka 1841 na kuwaleta watu wa London ufukweni kwa maelfu. Ufuko ni wa kokoto. Gati la starehe la West Pier, lililofunguliwa 1866 na kuungua 2003, limebaki mifupa ya chuma baharini.

Mvua ikatukimbiza hadi Royal Pavilion, kasri la mfalme George IV. Msanifu John Nash alianza kulipa sura yake ya sasa mwaka 1815: nje makuba ya Kihindi, ndani nakshi za Kichina. Malkia Victoria hakulipenda. Mwaka 1850 likauzwa kwa mji.

Nilikuwa nikishangaa majoka ya darini shangazi aliponiita. "Mwanangu, hebu njoo uone."

Ilikuwa picha ya vitanda vimepangwa chini ya kuba, na wanaume wenye vilemba. Kuanzia Desemba 1914 hadi mwanzoni mwa 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kasri lilikuwa hospitali ya wanajeshi wa India waliopigania Uingereza na kujeruhiwa Ufaransa na Ubelgiji. Jiko kuu la mfalme likageuzwa chumba cha upasuaji. Majiko ya wagonjwa yalikuwa tisa, kila watu kwa miiko yao; Wahindu na Waislamu walikuwa na maji yao mbalimbali, na Waislamu walitengewa uwanja wa kuswalia. Najua serikali ilitaka sifa kule India, na picha zilisambazwa kwa ajili hiyo. Hata hivyo, shangazi alikuwa amepigania sana wagonjwa wake wapate chakula cha halali, na majiko tisa aliyahesabu kuwa heshima ya kweli.

"Novemba ya mwaka ule ule, 1914, Waingereza waliwashusha wenzao kwetu Tanga, pale Raskazone," akasema. "Wakapigwa na Wajerumani na askari wao, na nyuki wakawauma juu yake. Wale nani aliwapikia?"

Mvua ilipokatika hakutaka tena ufuko. Alimwuliza mhudumu njia ya Chattri, mnara wa marumaru nyeupe vilimani nje ya mji, palipochomwa maiti za Wahindu na Masingasinga 53. Waislamu walizikwa mji wa Woking, karibu na msikiti wa Shah Jahan. Huko akaniahidi tutakwenda. Teksi ikatuacha chini, tukapanda kwa miguu, shangazi akiwa mbele.